Shule ya Wazazi

Watu wa rika langu tuna jeraha moja ambalo vijana wa leo hawalijui. Jeraha hilo ni mtihani wa darasa la nne. Katika Tanganyika ya mkoloni elimu ya Mwafrika iligawanywa vipande. Darasa la kwanza hadi la nne ilikuwa shule ya msingi; darasa la tano hadi la nane ikaitwa shule ya kati. Baina ya vipande hivyo viwili palikuwa na mlango mwembamba sana, na wengi wetu tuliishia hapo mlangoni, tukiwa na umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, tunajua kusoma barua na kujumlisha fedha, basi.

Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku zile zile, huku watu wa vijiji vya mashariki ya milima ya Uluguru wakipiga ngoma usiku kucha, majina ya waliofaulu yalitolewa. Langu halikuwemo. Mama hakusema neno. Mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alinitazama akasema, "Haya, baba, jembe lipo." Hakulisema kwa ubaya. Lakini mimi nililia, kwa maana tulikuwa tumefundishwa kwamba jembe ni la walioshindwa.

Nimeishi miaka zaidi ya sabini sasa, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimekuwa mwalimu. Nikitazama nyuma naona kwamba historia ya elimu ya nchi yetu, kwa upande mmoja, ni historia ya jembe hilo: nani alilishika, kwa amri ya nani, na mavuno yalikwenda wapi. Nataka kusimulia habari ya shule moja ndogo iliyonifundisha jambo hilo, na jinsi nilivyolisahau nilipopewa shule yangu mwenyewe.

Kwanza lazima nieleze kwa nini jembe lilichukiwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliamuru kwamba shule za kati ziwe na mkazo wa kilimo. Kila shule ikawa na shamba, na wanafunzi wakalima. Si wazo baya lenyewe. Lakini wazazi waliona kwamba watoto wa Wazungu na wa Wahindi hawakulimishwa shuleni, bali walifundishwa mambo ya ofisini. Wakauliza: je, sisi tunalipa karo ili mtoto akafundishwe kushika mpini alioushika tangu anatambaa?

Kwetu Uluguru palikuwa na sababu nyingine nzito zaidi. Kuanzia mwaka 1950 serikali ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, siku kadhaa kila wiki, na asiyechimba alishtakiwa. Wazee walisema kwamba udongo wetu mzuri ni mwembamba, ukiuchimba na kuugeuza unatoa juu udongo mwekundu usiozaa. Hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira. Mkutano ukageuka vurugu, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka tu kwamba wanawake walirudi haraka kutoka mashambani na milango ikafungwa mchana.

Basi, hiyo ndiyo hali waliyoikuta wazazi wetu mwanzoni mwa mwaka 1962, walipoamua kuanzisha shule yao. Wakati ule jambo hili lilikuwa likifanyika sehemu nyingi. Tangu miaka ya 1950 chama cha wazazi kilichokuwa karibu na TANU, yaani TAPA, kilikuwa kikihimiza watu kujenga shule zao wenyewe pale ambapo serikali na misheni hazikufika au hazikutosha. Kwetu ukoo mmoja, au lukolo kama tusemavyo kwa lugha yetu, ulitoa kipande cha ardhi kwenye mteremko juu ya kijito. Watu wakakata miti, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi. Shule ikafunguliwa kwa darasa la tano moja, wanafunzi 31, wasichana 9 na wavulana 22, sote tukiwa makapi ya mtihani wa darasa la nne. Mwalimu alikuwa mmoja. Mwaka uliofuata wakawa wawili.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyeacha kazi katika shule ya misheni kwa mshahara ambao wazazi walimlipa wanapokuwa nao, na wasipokuwa nao walimpa mchele na kuku. Siku ya kwanza alituambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Hapa hamna kitabu cha kutosha, wala ramani, wala dawati. Lakini kuna mlima, kuna kijito, kuna mvua, na kuna wazee. Tutasoma hivyo kwanza."

Sisi tulidhani anatufariji. Kumbe alikuwa anatupa ratiba.

Hesabu tulijifunza kwa matofali. Wazazi walitaka jengo la kudumu, na mwalimu akasema wanafunzi watafanya hesabu yake. Tulipima tofali moja, tukapima ukuta, tukatoa madirisha na milango, tukagawanya. Kila mmoja alipata jibu lake, na majibu yalitofautiana kwa mamia. Mwalimu hakutuambia lipi ni sahihi. Alimwita fundi mmoja wa kijiji, mtu asiyejua kusoma, akamwuliza. Fundi akatembea kwa hatua kuzunguka msingi, akafumba macho kidogo, akataja idadi. Ilikuwa karibu sana na jibu la msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye tulikuwa tukimcheka kwa sababu alihesabu kwa vidole. Siku hiyo tulijifunza kugawanya, na tulijifunza pia kutocheka. Kisha tukafinyanga matofali kwa kalibu za mbao, tukapanga tanuri, tukakesha zamu kwa zamu kulinda moto.

Mvua tuliipima kwa kopo lililozikwa nusu ardhini na kijiti kilichochongwa alama. Kila asubuhi mmoja wetu aliandika kiasi katika daftari. Jiografia ikawa ni kufuata kijito kwenda chini na kuuliza kila tulipopita: maji haya yanakwenda wapi? Yanaingia mto Ruvu, tukaambiwa, na Ruvu hutiririka hadi baharini karibu na Bagamoyo. Sikuwa nimeiona bahari, lakini niliona fahari kwamba maji niliyooga asubuhi yatafika huko.

Lakini kisa kikubwa kilikuwa cha shamba. Mwalimu aliposema shule itakuwa na shamba la mfano, mkutano wa wazazi uliwaka moto. Mzee mmoja wa ukoo uliotoa ardhi alisimama akasema, "Mwalimu, sisi tumewapa ardhi mfundishe watoto kusoma. Ukitaka kuchimba matuta hapa, kwanza nichimbie mimi kaburi." Watu wakanyamaza. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Matombo.

Mwalimu alijibu kwa heshima: "Shikamoo, babu. Mimi sijui kama matuta ni mazuri au mabaya. Nilifundishwa chuoni kwamba ni mazuri. Ninyi mnasema ni mabaya. Waacheni watoto wapime, nasi sote tuje tuone."

Yule mzee akafikiri, kisha akasema, "Marahaba. Watapima mbele yangu?" Akajibiwa, "Mbele yako, babu."

Tukagawa mteremko sehemu tatu zilizo sawa, kila moja hatua ishirini kwa kumi. Ya kwanza tukachimba matuta ya ngazi kama yale ya serikali ya mkoloni. Ya pili tukalima kama wazee walivyolima siku zote. Ya tatu tukalima vivyo hivyo, lakini mabua na majani tukayalaza mistari mistari kukatisha mteremko, badala ya kuyachoma. Mbegu zilichaguliwa na wasichana, kwa kuwa wao walikuwa wamefundishwa na mama zao kuzitambua, na sisi wavulana tulikuwa hatujui kitu. Tukapanda siku moja, tukapalilia siku moja, na kila baada ya mvua kubwa tulikwenda kutazama maji yanayoshuka chini ya kila sehemu, kama ni mekundu au meupe.

Siku ya kuvuna watu walijaa kama siku ya harusi. Yule mzee aliletewa kigoda akaketi. Mahindi yalipukuchuliwa na kupimwa kwa debe hadharani, na mimi nikaandika. Sehemu ya mabua ilitoa madebe manne na kidogo. Ya wazee ilitoa karibu manne. Ya matuta ilitoa debe moja na nusu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema polepole, "Tulisema. Tulisema, wakatupeleka barazani." Nikaona anafuta macho kwa ncha ya kanzu yake. Mwalimu akainama akachukua donge la udongo mwekundu kutoka kwenye tuta akatuonyesha: huu ndio uliokuwa chini, na ule mweusi uliokuwa juu tumeufukia sisi wenyewe. Alisema mbele ya watu wote kwamba alichofundishwa chuoni hakikufaa mlima huu.

Hata hivyo hakuishia hapo, na hili ndilo lililomfanya kuwa mwalimu kweli. Alimgeukia mzee akasema, "Lakini, babu, watoto wameona pia kwamba maji ya shamba lako yalishuka mekundu, na ya shamba la mabua yalishuka meupe. Udongo wako unakwenda." Mzee akacheka, akasema mwakani atalaza mabua. Na mwaka uliofuata tuliweka samadi ya mbuzi kwenye matuta, mavuno yakapanda, tukajua kwamba hata matuta si uchawi mbaya, ila yanahitaji mbolea ambayo watu wetu, wasiofuga sana, hawakuwa nayo. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na haki yake na kosa lake. Mimi sijasoma somo la historia lililo bora kuliko hilo, ingawa baadaye nilisoma vitabu vingi.

Jambo la pili ninalotaka kulitaja ni baraza letu. Kila Ijumaa mchana wanafunzi wote tuliketi chini ya mwembe na kuzungumza mambo ya shule: nani hakufika zamu, nani amevunja mtungi, fedha za mananasi tuliyouza sokoni Mkuyuni zinunue nini. Mwalimu aliketi pembeni. Mwenyekiti alichaguliwa kila muhula. Mavuno na fedha zote ziliandikwa katika daftari moja lenye jalada jekundu, na mtu yeyote, mzazi au mwanafunzi, aliweza kulifungua.

Muhula mmoja mimi nilikamatwa. Nilikuwa nimevunja mahindi mabichi ya shamba la shule, nikachoma na kula na wenzangu wawili kule kijitoni. Mwenyekiti wa baraza wakati ule alikuwa yule msichana wa kuhesabu kwa vidole. Wengine walitaka nichapwe. Yeye akasema, "Kosa lake si kula, wote tunakula. Kosa lake ni kuchukua bila kuandika. Basi aandike yeye." Wakanipa daftari lile jekundu kulitunza muhula mzima. Niliandika kila kikombe cha maharage kilichotoka na kila senti iliyoingia. Kazi hiyo iliniadabisha kuliko kiboko, kwa sababu nililazimika kila Ijumaa kusimama na kujibu maswali ya watoto wa darasa la tano.

Nilimaliza darasa la nane mwaka 1965. Darasa hilo lilikuwa likikaribia kuondolewa, kwa kuwa serikali ya uhuru ilikuwa inaunganisha vile vipande viwili kuwa shule moja ya msingi ya miaka saba. Nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Na nilikuwa chuoni, mwezi wa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea.

Wenzangu wengi waliisoma kama amri. Mimi niliisoma kama barua iliyoandikwa kuhusu kwetu. Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa 490,000, wengi wao wakiishia darasa la nne, na kufikia 1967 walikuwa 825,000. Lakini kati ya kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Wale 87 waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Akataka shule ziwe jumuiya zinazofanya kazi na kujitegemea, na wanafunzi washiriki katika kuamua.

Mawazo hayo hayakushuka kutoka mawinguni. Kule Songea, katika kijiji cha Litowa, vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma vilikuwa na shule ya watoto wao ambako masomo na kazi ya kijiji vilikuwa kitu kimoja. Chama hicho kilivunjwa na TANU mwezi wa Septemba 1969, na ni moja ya mambo ya kusikitisha katika historia yetu kwamba wazo lilisifiwa na wenye wazo wakatawanywa. Mwaka 1971 lilianza jaribio jingine Kwamsisi, wilayani Handeni, likiongozwa na Chuo cha Ualimu Korogwe kwa msaada wa UNICEF, la kuifanya shule na kijiji kuwa mwili mmoja. Palikuwa na watu walioelewa. Lakini sehemu nyingi neno la kujitegemea lilifika bila roho yake.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 1975 nilipewa shule, nikawa mwalimu mkuu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto aandikishwe shule ifikapo 1977. Madarasa yalifurika. Niliyekuwa nimesoma na wenzangu 31 nikawa na watoto zaidi ya 400, walimu wachache, na barua kutoka juu zikiuliza shamba la shule ni ekari ngapi na mavuno ni magunia mangapi. Hakuna barua hata moja iliyouliza watoto wamejifunza nini shambani.

Nikafanya walivyofanya wengi. Waliochelewa walikwenda kulima. Waliopiga kelele walikwenda kulima. Shamba likawa jela ya shule. Baraza halikuwapo, nilisema sina nafasi. Na daftari la mavuno lilikaa katika kabati langu, limefungwa kwa ufunguo. Sehemu ya mahindi ililisha watoto, sehemu iliuzwa kununua chaki, na sehemu, niseme ukweli, iliingia katika nyumba za walimu, yangu ikiwemo, maana mshahara ulichelewa na watoto wetu nao walikuwa na njaa.

Siku moja mbele ya gwaride la asubuhi mvulana wa darasa la sita alinyosha mkono. Aliuliza kwa adabu, "Mwalimu, mahindi tuliyovuna yalikuwa magunia kumi na mawili. Yamekwenda wapi?"

Alikuwa ameyahesabu. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu magunia, alihesabu mwenyewe. Ningalikuwa na akili ya mwalimu wangu, ningalilileta lile daftari pale pale na kumpa yeye alitunze. Badala yake nilimwita mtovu wa nidhamu. Nilimchapa mbele ya wenzake, nikamwamuru achimbe shimo la choo peke yake. Alichimba siku tatu. Siku ya nne hakuja shule, wala hakuja tena. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba ameondoka na kaka yake kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Sikumwona tena mpaka leo.

Nimefikiri sana juu ya mtoto yule. Jembe lilikuwa lile lile nililolishika mimi, mlima ni huo huo, na sera iliyoandikwa ilikuwa nzuri kuliko ile ya wakati wangu, ambapo hapakuwa na sera yoyote. Naweza kujitetea kwa wingi wa watoto na uhaba wa walimu, na utetezi huo una ukweli: mtu mmoja hawezi kujua majina 400 kama anavyojua 31. Lakini kulifungua kabati hakukuhitaji fedha wala walimu zaidi. Mkoloni aliwachimbisha watu wetu matuta bila kuwasikiliza, nami nilimchimbisha mtoto shimo kwa sababu aliuliza. Tofauti yetu ilikuwa ndogo kuliko nilivyopenda kuamini.

Miaka ilivyokwenda, mashamba ya shule mengi yaligeuka vichaka au viwanja vya mpira, na wazazi walishukuru. Kuanzia miaka ya 1990 shule za binafsi ziliongezeka, na nyingi zilijivunia kwamba mtoto hatashika jembe wala ufagio. Siwalaumu wazazi hao. Wengi wao ni watoto wa shule kama niliyoiongoza mimi.

Na sasa gurudumu limezunguka tena. Tangu mwaka 2024 mitaala mipya imeanza kutumika na mkondo wa amali umeingizwa katika sekondari, na mwanzoni mwa 2025 sera ya elimu iliyorekebishwa ilizinduliwa Dodoma. Watoto watajifunza kilimo, ushonaji, uashi, upishi na ufundi wa aina nyingi. Nafurahi. Wajukuu zangu wananiuliza kama ni jambo jipya, nami nacheka.

Lakini kwa walimu watakaopewa kazi hiyo nina ombi moja. Msianze kwa kununua majembe na vyerehani. Anzeni kwa daftari. Watoto wakipima, waandike wao. Wakivuna, wagawe wao, na kila mzazi aruhusiwe kulifungua. Wazee wa mahali waitwe, si kuja kupiga makofi, bali kuja kusema wanachokijua na kupimwa pamoja na mwalimu. Na mtoto akinyosha mkono kuuliza mahindi yamekwenda wapi, ajibiwe.

Shule yetu ya wazazi iliunganishwa na shule ya serikali zamani. Ukuta mmoja wa matofali yetu bado umesimama. Nilikwenda mwaka juzi nikaugusa. Mwembe haupo. Katika ule mteremko wa majaribio kulikuwa na mwanamke anapalilia maharage, na nikaona kwamba mabua ameyalaza kukatisha mteremko. Nikamwuliza nani alimfundisha. Akajibu, "Ah, babu, sisi hapa tumekuta wazee wanafanya hivi."

Nikamshukuru, nikashuka zangu taratibu.